Tumedai Mbolea, Sasa Tudai na Maji: Naitrojeni Yetu Inapotelea Wapi?



Wiki hii kwenye grupu letu la kata mtu ameuliza swali moja likapata majibu zaidi ya mia: "Mbolea ya ruzuku inafika lini?" Wengine wakatukana, wengine wakaweka emoji za kucheka, kamanda mmoja akaandika, "Itafika mahindi yakishachomwa." Nilicheka na mimi. Halafu nikajiuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: ikishafika na tukishaimwaga shambani, inakwenda wapi?

Najua mtaniambia hiyo ni mada ya bwana shamba, siyo ya jumuiya ya vijana ya chama cha upinzani. Sikubaliani. Mbolea ni fedha ya umma, maji ni haki ya kila mtu, na vyote viwili vinapotea kwa pamoja kwenye mashamba yetu ya Shinyanga na Geita. Kama hiyo siyo siasa, basi sijui siasa ni nini.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana mtu hawezi kukosoa wengine huku amejificha.

Mimi ni mtoto wa Msalala. Nimelima kwa mama yangu, nikaenda Katoro kutafuta maisha kama vijana wengi wa huku, nikarudi. Msimu wangu wa kwanza baada ya kurudi nililima mahindi ekari mbili kwenye luseni, ule udongo wetu wa kichanga wa mwinukoni. Namba ya mkulima nilikuwa nayo, ujumbe wa simu ulichelewa, na wakala aliyekuwa karibu alikuwa ameishiwa. Nikazunguka hadi mji mwingine, nikalipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, nikapata mifuko miwili ya urea. Nilipofika nyumbani mahindi yalikuwa yameshapita magoti. Kwa haraka nikaimwaga yote siku moja, juu ya ardhi, mkono huku na mkono kule kama anayelisha kuku. Jua likaiwakia siku tatu. Siku ya nne ikaja mvua ya mawe, mto ukatembea katikati ya shamba.

Jioni mzee jirani akapita, akasimama pale kwenye korongo la barabarani, akaniambia: "Mwanangu, mbolea yako nimeiona. Imepita hapa saa tisa, inaelekea ng'ambo."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Shilingi laki moja na arobaini, ukiacha nauli, ilikuwa imepita barabarani, na kule ng'ambo alikoelekeza mzee ndiko kilipo kisima tunachochotea maji ya kunywa.

HESABU YA MFUKO MMOJA

Tufanye hesabu, maana watawala wanapenda tuongee kwa hasira ili waseme hatuna hoja.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46. Yaani chakula halisi cha mmea ni kilo 23, na kilichobaki ni mbebaji tu. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane pale Mbeya, Rais alizindua ruzuku, na mfuko wa urea uliokuwa umepanda kupita laki moja na ishirini ukashuka hadi elfu 70. Kwa bei hiyo kilo moja ya naitrojeni mkulima aliinunua kama shilingi 3,000, na Serikali iliongezea sehemu yake kutoka kwenye kodi yako na yangu.

Sasa, wataalamu wa kilimo duniani wamepiga hesabu hii kwa miaka mingi: kwa wastani chini ya nusu ya naitrojeni inayowekwa shambani ndiyo inayoishia kwenye mavuno. Kwenye mpunga wa maji mara nyingi ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo mfuko wa elfu 70 ukitumika ovyo, elfu 35 au zaidi imeondoka. Imeondoka kwa njia tatu.

Ya kwanza ni hewani. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo na jua kali, inageuka amonia na kupaa. Ile harufu inayochoma pua ukipita shambani siku mbili baada ya kumwaga urea ndiyo pesa yako inayopaa.

Ya pili ni chini. Naitrojeni udongoni hugeuka naitreti, na naitreti haishikwi na udongo. Inayeyuka kwenye maji na kufuata maji. Kwenye luseni, mchanga mtupu usio na mboji, mvua moja kubwa inaishusha chini ya mizizi. Hapo mhindi hauifikii tena, lakini kisima kinaifikia.

Ya tatu ni juu ya ardhi. Mvua zetu hazinyeshi kwa adabu. Zinachelewa, zinakatika Januari, halafu zinakuja zote kwa siku mbili. Zinabeba udongo, zinabeba samadi, zinabeba mbolea, zinapeleka mbugani na mtoni. Mito mingi ya upande wa Geita inaishia Ziwa Victoria.

NANI ANAKUNYWA HAYO MAJI?

Wapo watakaosema: "Kamanda, hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi tunaweka mbolea kidogo mno, tuchafue maji kwa lipi?"

Hoja hiyo ina ukweli nusu, na ule ukweli wake nitausema. Afrika haina tatizo la Uholanzi. Kule walirundika mbolea na samadi mpaka mahakama yao kuu ya mambo ya utawala ikaingilia mwaka 2019, na wakulima wakajaza barabara matrekta. Umoja wa Ulaya ulishaweka sheria ya naitreti kwenye maji tangu mwaka 1991. Huku kwetu ni kinyume. Utafiti maarufu wa Stoorvogel na Smaling wa mwaka 1990 ulikadiria kuwa mashamba ya Afrika kusini mwa Sahara yalikuwa yakipoteza wastani wa kilo 22 za naitrojeni kwa kila hekta kila mwaka, yaani tunavuna kuliko tunavyorudisha. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, kutoka kama kilo 8. Mwaka 2015 ulipita, na wao wakapita nao.

Lakini sikilizeni. Mwenye debe moja la unga akimwaga nusu, analala njaa, tofauti na mwenye ghala. Kwa kuwa tunaweka kidogo, kila kilo inayopotea inatuuma zaidi. Na kwa kuwa watu wetu wengi bado wanakunywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa mchangani, karibu na shamba, karibu na zizi, karibu na choo cha shimo, naitreti haihitaji kuwa nyingi kama ya Uholanzi ili ifike kwenye ndoo ya mama yako.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga. Mtoto wa miezi michache akipewa maji au maziwa ya kuchanganya yenye naitreti nyingi, damu yake inashindwa kubeba hewa ya oksijeni na ngozi inakuwa ya bluu. Daktari mmoja wa Marekani alieleza jambo hili tangu mwaka 1945, kwa watoto waliokuwa wakinyweshwa maji ya visima vya mashambani. Ndiyo maana wahudumu wa afya wakisema mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, wasikilizwe.

Na hili wengi hawalijui: naitreti haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha, maji yanapungua, naitreti inabaki ileile, kwa hiyo inazidi kukolea. Vidonge vya klorini vinaua vimelea, haviigusi naitreti. Huioni, huinusi, huionji. Njia ya kujua ni moja tu, kupima.

Wa mjini msijione mko salama. Maji ya bomba ya Kahama na Shinyanga yanatoka Ihelele, Misungwi, kwenye Ziwa Victoria, kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na bomba limeshapelekwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Ziwa lile tumeliona likibadilika. Magugumaji yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980 na yakafunga mialo. Mwani wa kijani umeongezeka kuliko ilivyokuwa kabla ya uhuru. Sisemi ni mifuko ya urea ndiyo iliyofanya hayo. Wanasayansi wanataja udongo unaomomonyoka, maji taka ya miji, samadi, na hata moshi na vumbi la kuchoma mapori linaloangukia ziwani. Vyote hivyo ni virutubisho vilivyotoka mahali vilipotakiwa kukaa, yaani shambani. Shamba lina njaa, ziwa lina shibe, na gharama ya kusafisha maji hayo inarudi kwenye bili yako.

NA MIGODI JE?

Ukitaja maji machafu Geita, kila mtu anajibu zebaki. Ni sawa. Zebaki ya kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu ni sumu, Tanzania imesharidhia Mkataba wa Minamata, na bado vijana wenzetu wanaishika kwa mikono mitupu. Hilo lina makala yake.

Ila kuna ndugu yake mwingine hatumtaji. Baruti inayotumika zaidi kwenye migodi mikubwa duniani inatengenezwa kwa amonia naitreti, kitu kilekile ambacho ni mbolea. Karibu asilimia 94 ni amonia naitreti na kama asilimia 6 ni dizeli. Amonia naitreti ndiyo iliyolipuka bandarini Beirut Agosti 2020, kwenye shehena iliyotajwa kuwa ya tani 2,750. Mwamba ukilipuliwa, kiasi fulani kinabaki bila kuungua, kinayeyuka, na kinatoka na maji ya mgodini. Jambo hili linajulikana kwenye sekta ya madini kote duniani, na nchi zenye usimamizi mzuri zinawalazimisha wenye migodi kupima naitreti kwenye maji yanayotoka nje ya eneo lao na kutangaza matokeo.

Simtuhumu mtu. Nasema hivi: kwenye ukanda wenye wakulima, wafugaji, vyoo vya shimo na migodi kwa pamoja, huwezi kujua naitreti imetoka kwa nani kama hujapima. Na usipopima, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Mwenye mgodi atasema ni mkulima, mkulima atasema ni mgodi, na mtendaji atasema ni mapenzi ya Mungu.

RUZUKU YA MFUKO, SIYO YA MAARIFA

Tuwe wakweli, tusiwe kama machawa wa upande ule ambao kila kitu kwao ni kizuri. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23. Hilo lilikuwa jambo jema na tulilidai miaka mingi. Maafisa ugani waligawiwa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo mwaka 2022, kwa sherehe kubwa Dodoma.

Swali langu ni dogo tu. Wewe unayesoma hapa, wa Kishapu, wa Ushetu, wa Nyang'hwale, wa Bukombe: udongo wa shamba lenu umewahi kupimwa? Majibu mmeyaona? Mama yako anajua shamba lake linahitaji nini? Kwetu hakuna. Pikipiki nimeiona, tena mara nyingi, ikiwa imepakia wajumbe kwenda kwenye mapokezi ya kiongozi.

Serikali imefanya ruzuku ya mfuko. Mafanikio yake yanatangazwa kwa tani zilizosambazwa. Hakuna anayesimama kusema kilo ngapi ziliingia kwenye mahindi na ngapi ziliingia kisimani. Mfuko ukichelewa wiki nne, kwenye ripoti ya Dodoma bado unahesabiwa kuwa umefika. Kwa mkulima haujafika. Mbolea ya kupandia ikija wakati wa palizi, na ya kukuzia ikija mahindi yanatoa mbelewele, mmea hauna njaa tena na mvua ndiyo mlaji. Kuchelewa kwa mbolea ni upotevu wa fedha na ni uchafuzi wa maji kwa wakati mmoja.

Tulishaona wimbo huu. Vocha za pembejeo zilianza mwaka 2008, zikaishia kwenye simulizi za upigaji ambazo kila kijiji kinazo. Zilikufa bila kumwachia mkulima hata elimu ya kufukia mbolea. Tusikubali ruzuku hii nayo ife hivyo hivyo.

DENGU NI KIWANDA CHA NAITROJENI

Kuna naitrojeni ambayo haiji na lori. Mizizi ya dengu, choroko, karanga na kunde ina vivimbe vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kumpa mmea. Wazee wetu hawakuijua kwa jina hilo, lakini walijua kuwa mahindi au mtama baada ya karanga hustawi. Kule mbugani, kwenye udongo mweusi wa Shinyanga, dengu hupandwa mvua zikielekea mwisho na kukua kwa unyevu uliobaki. Zao hilo halidai urea. Linaiachia ardhi sehemu ya chakula, hasa mabaki yake yakirudishwa shambani badala ya kuchomwa.

Kwa hiyo kila uamuzi unaomvunja moyo mkulima wa dengu ni uamuzi dhidi ya udongo. Mwaka 2017 India iliweka kikomo kwenye mbaazi na kisha ushuru wa asilimia 30 kwenye dengu, bei zikaanguka huku, na mkulima aliachwa peke yake. Kisha ikaja stakabadhi ghalani kwenye choroko na dengu. Sipingi mizani ya haki wala mnada wa wazi. Wapo walanguzi waliotunyonya kwa ndoo za kujaza lumbesa, na hao siwalilii. Lakini mfumo unaomwacha mama asubiri pesa yake wakati ada ya shule haisubiri, na makato asiyoyaelewa yakikatwa njiani, utamfanya aache dengu. Akiacha dengu, ataongeza mahindi. Akiongeza mahindi, atahitaji urea zaidi. Msururu ndio huo, na mwisho wake tumeshauona.

Na samadi? Shinyanga ni mkoa wa ng'ombe. Tani moja ya samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni kama kilo 10, na wakati mwingine zaidi. Mazizi mengi samadi inalundikana miaka mitano, inanyeshewa, inachuja kuelekea kisimani, huku mwenye zizi yuko foleni ya ruzuku. Hapo kosa siyo la Serikali peke yake. Hilo ni letu.

Tusisahau kwamba mkoa huu umeshawahi kuifundisha dunia. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986, wakati Shinyanga ikiitwa jangwa. Kilichofanya kazi hakikuwa amri. Ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyaacha yapumzike, ikapewa heshima yake. Maelfu kwa maelfu ya hekta zikarudi kuwa na miti, na mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba wakulima wa huku hawafundishiki.

TUNACHODAI

Haya ndiyo ninayopendekeza jumuiya yetu iyabebe, kuanzia ngazi ya tawi hadi taifa.

Kwanza, mbolea ifike kabla ya mvua. Ya kupandia iwe kwa wakala wa kata mwezi Oktoba. Idadi ya mifuko iliyofika na tarehe iliyofika vibandikwe ofisi ya kijiji.

Pili, kila kijiji kipimiwe udongo na majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa lugha ya watu. Luseni na mbuga havipewi dawa moja.

Tatu, kila kisima na bomba la umma lipimwe naitreti, siyo vimelea peke yake, angalau mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. RUWASA na vyombo vya watumia maji vya jamii watangaze majibu. Karibu na migodi, zebaki ipimwe pamoja.

Nne, Sheria ya Madini tangu marekebisho ya mwaka 2017 inawataka wenye migodi wakubaliane na halmashauri mpango wa uwajibikaji kwa jamii kila mwaka. Nadai sehemu ya fedha hizo ijenge maabara ya udongo na maji kwenye ukanda huu. Uwanja wa mpira ni mzuri, hata mimi ni shabiki. Ila mtoto lazima akue kwanza ndipo akacheze.

Tano, mwenye dengu na choroko alipwe kwa wakati, na kila senti inayokatwa iandikwe kwenye risiti yake.

TUNACHOFANYA WENYEWE

Kudai peke yake hakutoshi. Msimu huu nataka kila kamanda mwenye jembe afanye yafuatayo, asisubiri uchaguzi.

Usimwage urea juu. Chimba kijishimo kando ya shina, kama upana wa kiganja, weka, fukia. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu, siyo mkavu, na siyo siku ambayo wingu kubwa limeshafunga.

Gawanya mara mbili. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Kifuniko kimoja cha soda ni kama gramu 5, kwa hiyo mfuko mmoja unatosha ekari. Weka nusu kifuniko mahindi yakifika magotini, nusu nyingine kabla ya mbelewele. Mvua ikikatika kabisa katikati, ile nusu ya pili iache stoo. Utaitumia mwakani badala ya kuizika kwenye shamba lililokufa.

Kwenye jaruba la mpunga, punguza maji kwanza, weka urea kwenye tope, ichanganye, ndipo urudishe maji. Kagua tuta kabla. Jaruba likipasuka siku hiyo, umemlimia jirani.

CAN na SA kwa kila kilo ya naitrojeni ni ghali kuliko urea, usidanganyike na bei ya mfuko, maana CAN ina asilimia kama 26 na SA ina 21 tu. Lakini hazipai hewani kirahisi kama urea. Kama huwezi kufukia, piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua.

Funika lundo la samadi, lihamishie mbali na kisima, lipeleke shambani Septemba na Oktoba mikokoteni ikiwa haina kazi. Lima kwa kukinga mteremko, usilime kuelekea bondeni.

Na kwenye mkutano wa kijiji, nyoosha mkono. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Uliza: majibu ya maji ya kisima chetu yako wapi? Wakisema hawajui, andika barua. Ibara ya 18 ya Katiba na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 zinakupa haki ya kuuliza. Andika jina lako, tarehe, nakala moja baki nayo, mwenye ofisi aisaini. Ukija hapa kulalamika, njoo na nakala hiyo.

Nimeshawahi kwenda maduarani. Nilishuka na watu ambao karibu wote walikuwa watoto wa wakulima. Ukiwauliza kwa nini waliacha shamba, hawakusema hawapendi kulima. Walisema, "Ardhi imechoka, kaka." Ardhi haichoki yenyewe. Inachoshwa, halafu chakula chake kinapita barabarani saa tisa alasiri kuelekea kisimani na watu wanatazama.

Mwaka jana niligawanya urea mara mbili na kuifukia. Kazi ilikuwa ndefu, mgongo uliuma, mama alisaidia upande mmoja. Mvua kubwa ilikuja tena, kama kawaida yake. Jioni yule mzee akapita, akasimama palepale kwenye korongo, akatazama maji, akanitazama.

"Leo sijaiona," akasema.

Barua ya kuomba majibu ya kisima nimeshaipeleka ofisini na nakala yangu imesainiwa. Nikijibiwa nitaweka hapa. Nisipojibiwa, nitaweka hapa pia. Nawe peleka ya kwenu.